Chini ya maji pia ni Kenya

Wacha nianze na kisa.

Januari iliyopita, saa mbili asubuhi, nilikuwa kwenye gati la Shimoni, kaunti ya Kwale. Mkoba mgongoni, kaptura, sandali, nywele nimefunga kitambaa. Boti iko tayari na watu wameanza kupanda. Nikashika kamba nami nipande. Kijana wa boti, Mkenya kama mimi, rika langu kabisa, akanipokea kwa tabasamu na kreti ya soda.

"Dada, wa jikoni wanapitia huku nyuma."

Nikamwambia mimi si wa jikoni. Mimi ni mteja. Nimekuja kupiga mbizi.

Jamaa aliomba msamaha mpaka nikamwonea huruma. Sikumkasirikia, kwa sababu hesabu yake ilikuwa na mantiki. Msichana mweusi mwenye mkoba wa Gikomba akipanda ile boti, kwa kawaida amekuja kukaanga kaa na kupasua maembe. Siku hiyo tulikuwa abiria kumi na wanne. Mkenya aliyelipa nauli alikuwa mmoja, na ndiye anayekuandikia hapa.

Tangu nirudi Nairobi kile kisa hakijanitoka. Bahari ni yetu, samaki ni wetu, kiingilio cha mbuga tunakatiwa cha chini kuliko wageni. Mbona basi tukionekana pale tunadhaniwa ni wapishi?

Wale mnaonisoma kila wiki mnanijua. Mimi si mtoto wa tajiri. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, karo ilipokatika nami nikakatika nayo. Sasa hivi naandika, napiga picha za harusi, na mwezi ukikaza nauza mitumba mtandaoni. Mama yangu aliposikia nimeweka akiba miezi saba ili niende kupumua chini ya maji, aliniuliza, "Kwani hewa ya Umoja ina shida gani?"

Swali lake ni la haki. Ile siku moja ilinila Sh13,000 kwa boti, kiingilio, vifaa na mwalimu. Kwa pesa hizo ningelipa kodi ya nyumba na ningebaki na ya unga. Nitajaribu kumjibu hapa, mbele yenu, kwa sababu pale mezani nilishindwa.

Yote yalianzia Likoni

Unakumbuka Septemba 2019? Mimi nilikuwa bado sekondari. Gari liliteleza kutoka kwenye feri pale Likoni likazama, ndani mkiwa mama na binti yake. Nchi nzima ilisimama. Ilichukua siku 13 kulitoa. Wazamiaji wa Jeshi la Wanamaji walihangaika, wengine wakaja kutoka nje ya nchi, na sisi huku tukawa wataalamu. Kila mtu alikuwa na maoni: mbona wasiruke tu waangalie? Mbona wanachelewa?

Nilisema hivyo hivyo, tena kwa sauti. Na wakati huo sikujua kuogelea hata hatua moja.

Leo najua kidogo kilichokuwa pale. Gari lilipatikana kama mita 58 chini. Mtu anayepiga mbizi kwa starehe, hata akiwa na mafunzo ya juu, mpaka wake ni mita 40. Kila ukishuka mita 10, uzito wa maji unaongeza kiasi sawa na uzito wote wa hewa tunayobeba hapa juu. Ukiwa mita 58, mwili unabanwa karibu mara saba ya kawaida na hewa ya mtungi inaisha kwa kasi hiyo hiyo. Ongeza giza, mkondo wa maji na meli zinazopita. Wale watu hawakuwa wazembe.

Kilichonisumbua baadaye ni kitu kingine. Tuna pwani ya mamia ya kilomita, tuna bandari, tuna maziwa, na siku ya mkasa tunagundua kwamba wanaojua kushuka chini ni wa kuhesabu. Wengi wetu hata kuelea hatuwezi.

Nikaapa nitajifunza. Ilinichukua miaka, kwa sababu hapa mjini kidimbwi cha kuogelea ni cha hoteli au cha shule za watoto wa wakubwa. Nilipata kimoja cha kulipia Sh300 kwa saa. Nilikuwa mkubwa kuliko darasa lote, watoto wa miaka minane wakinipita huku wakicheka. Na wasichana mnajua vita vingine: nywele. Ukisuka za Sh3,500 Ijumaa, nani anataka klorini Jumamosi? Nilinyoa. Nywele huota tena.

Mambo ya mtungi

Kabla hatujafika chini kwenyewe, wacha nivunje uongo mmoja. Ule mtungi wa mgongoni hauna oksijeni tupu. Umejaa hewa ya kawaida, hii hii ya Umoja, iliyoshindiliwa kwa mashine. Kifaa kinachokuletea ile hewa mdomoni kwa kiasi unachohitaji kilitengenezwa na Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na Émile Gagnan, mwaka wa 1943. Kabla ya hapo mtu aliyetaka kukaa chini kwa muda kwa kawaida alivalishwa kofia ya chuma na kufungwa bomba la hewa kutoka kwenye meli.

Boti ilipita mkondo wa Wasini, pomboo wakijitokeza pembeni, mpaka kwenye kisiwa cha Kisite. Ni kisiwa kidogo sana cha mwamba, hakuna anayeishi hapo. Eneo lote lilitengwa kuwa mbuga ya baharini miaka ya 1970. Zile za Malindi na Watamu zilitangulia mwaka wa 1968, na ni kati ya za kwanza barani Afrika. Yaani Kenya ilianza mapema kulinda chini ya bahari. Ila sijui tulikuwa tunailindia nani.

Mwalimu wangu alikuwa kijana wa kisiwa cha Wasini. Kwanza alinipa fomu ya afya: una pumu, moyo, masikio yanauma? Kisha tukaingia maji ya kiunoni tufanye mazoezi. Kanuni zake zilikuwa chache na alizirudia kama mwalimu wa madrasa. Usizuie pumzi hata sekunde moja, kwa sababu ukipanda hewa inatanuka na inaweza kupasua mapafu. Bana pua upulize masikio kila unaposhuka kidogo. Panda polepole. Usiguse kitu.

Halafu ishara. Chini hakuna kuongea. Ukitaka kusema uko sawa, unaunda duara kwa kidole gumba na cha shahada. Mimi kwa mazoea ya mtandaoni nikamwinulia gumba. Akanishika mkono akaanza kunipandisha, kwa sababu gumba huko maana yake ni "twende juu". Tulicheka na vipumulio mdomoni. Kwa taarifa yako, inawezekana.

Mwanafunzi wa siku ya kwanza haruhusiwi kupita mita 12. Sisi tulifika kama mita nane. Na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo siwezi kuliacha nje ya makala hii, ingawa lingenipa sura nzuri zaidi nikilificha.

Miwani yangu iliingiza maji. Kidogo tu. Tulikuwa tumefanyia hilo mazoezi dakika ishirini zilizopita. Lakini kichwa kilisahau kila kitu, mkono ukatafuta pa kushika, ukashika tawi la tumbawe. Likakatika. Niliskia "kwa!" ndogo, kama mtu anavunja biskuti.

Mwalimu alinishika bega, akanitazama machoni, akanionyesha tena namna ya kupuliza maji kwa pua. Nikapuliza. Miwani ikawa safi. Na nilipoona vizuri, kitu cha kwanza nilichoona ni kile kidonda cheupe nilichoacha.

Juu botini sikuweza kunyamaza. Nikamwuliza kipande kile kingechukua muda gani kuota. Urefu wa kidole changu cha kati. Akasema yale ya matawi huenda haraka, pengine mwaka au zaidi kidogo. "Lakini dada, ungeshika yale mengine ya mviringo kama mawe, hayo hukua sentimita moja hivi kwa mwaka. Lile kubwa tulilopita ni mzee kuliko babu wa babu yangu."

Hakunigombeza. Aligeuka akaenda kufunga mitungi. Afadhali angenigombeza.

Nilichokiona

Sasa nikuambie uzuri, maana uzuri ulikuwepo. Ukishuka, rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kupotea. Kitambaa changu chekundu kilikuwa cha kahawia. Lakini matumbawe yenyewe yalikuwa ya zambarau, ya kijani, ya manjano kama haradali, mengine kama ubongo, mengine kama meza. Samaki hawakutukimbia. Kasa mmoja alikuwa akila, akatutazama kama shangazi aliyekatizwa chakula, akaendelea.

Na kuna kelele! Watu husema chini ni kimya. Nilisikia tatatata mfululizo, na katikati yake sauti ya kutafuna. Ile ya kutafuna ni pono. Ana mdomo kama wa kasuku, anakwangua mwani kwenye mwamba, anameza na mawe, kisha anayatoa nyuma yakiwa mchanga. Kwa hivyo sehemu ya ule mchanga mweupe unaolalia ukipiga selfi imepitia tumboni mwa samaki. Pole.

Botini kulikuwa na kitabu cha picha za samaki chenye majina ya Kiingereza, Kijerumani na Kilatini. Nahodha, mzee wa makamo, alipoona nakipekua akaja kuketi karibu. Nilikuwa nimemwamkia shikamoo asubuhi, nadhani ilinisaidia. "Hayo majina yaache, mwanangu," akasema. Akaweka kidole kwenye kila picha: huyu pono, huyu kitatange, huyu tewa, huyu changu, huyu tafi, huyu mwenye kichwa cha nyoka ni mkunga, usimtie kidole. Alitaja zaidi ya thelathini bila kusita. Mimi Kiswahili nilipata A kwenye KCSE. Nilikuwa najua tilapia, omena na "fileti".

Ule mwamba una majina ya Kiswahili tangu zamani, na sisi tunaokizungumza kila siku mtaani hatujui hata kumi. Hapo ndipo swali la Mama lilianza kupata jibu kichwani mwangu.

Wewe wa ghorofani pia unahusika

Najua kuna mtu Kasarani anasema: hayo ni ya watu wa pwani, mimi yananihusu nini? Subiri.

Matumbawe si mawe na si mimea. Ni wanyama wadogo sana wanaoishi pamoja kwa maelfu, wanajenga mifupa ya chokaa, na kizazi kimoja kinajenga juu ya kingine. Chini ya bahari zote duniani, miamba hii haichukui hata asilimia moja ya eneo, lakini karibu robo ya aina za viumbe vya baharini inaitegemea kwa njia moja au nyingine.

Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka wa 1593, ni ya mawe ya matumbawe. Nyumba za kale za Lamu pia. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kimechimba mwamba wa matumbawe ya kale tangu miaka ya 1950. Hivyo kuna uwezekano mkubwa kwamba ukuta ulioegemea ukisoma makala hii una tumbawe ndani yake. Na intaneti yenyewe unayosomea inapita kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari, zilizoanza kufika Mombasa mwaka wa 2009. Zikiharibika, anayezifuata kule chini hatakuwa mwanablogu.

Mwamba hai pia huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika ufuoni. Ukitoweka, hoteli, barabara na mashamba ya mnazi yatalipa. Na samaki wa kibandani kwenu atapanda bei.

Sasa, ukitafuta habari za matumbawe mtandaoni utaletewa Australia. Great Barrier Reef ina urefu wa zaidi ya kilomita 2,300 na kila mtu anaililia, na haki yake. Wetu hauna ukubwa huo, lakini unafuata pwani kutoka mpaka wa Tanzania kupita Mombasa hadi Malindi, ukikatika pale maji ya mito yanapoingia baharini. Na unaumwa ugonjwa ule ule.

Ndani ya tumbawe huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani huo hutengeneza chakula kwa jua na kumgawia mwenyeji wake, na ndio unaompa rangi zake nyingi. Maji yakizidi joto lake la kawaida la msimu hata kwa nyuzi moja tu, kwa wiki kadhaa, tumbawe humfukuza mpangaji wake. Linabaki jeupe pe! Bado halijafa, lakini lina njaa. Joto likishuka mapema, linaweza kupona. Likikawia, linakufa na kufunikwa na majani ya baharini.

Mwaka wa 1998, El Niño ilipochemsha Bahari ya Hindi, sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya ilikufa. Sikuwa nimezaliwa. Mwezi Aprili 2024, wanasayansi wa Marekani na wenzao wa mataifa mengine walitangaza kuwa dunia iko katika wimbi la nne la matumbawe kuwa meupe kila mahali. Hiyo nilikuwa nimezaliwa, nina simu, nina data, na habari hiyo ilinipita hivi hivi. Jopo la Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi lilisema mwaka wa 2018 kwamba dunia ikipata joto la nyuzi 1.5 zaidi ya zamani, asilimia 70 hadi 90 ya matumbawe itatoweka. Ikifika nyuzi 2, itakuwa zaidi ya asilimia 99.

Fanya hesabu ya umri wako. Kama uko ishirini na kitu, wewe unaweza kuwa Mkenya wa mwisho mwenye nafasi ya kuuona mwamba huu ukiwa hai. Wajukuu watauliza ulikuwaje. Utawaambia nini, ulikuwa hujui kuogelea?

"Si mtauvunja?"

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo ni nzito, na mimi mwenyewe nimeshaitolea ushahidi. Tukishuka sote, tutauvunja. Nilishuka mara moja nikavunja tawi. Zidisha hilo kwa Wakenya elfu kumi wanaotaka picha ya TikTok.

Nakubali nusu. Anayeanza asipelekwe juu ya matumbawe, apelekwe kwenye mchanga mtupu hadi ajue kuelea bila kupapasa. Nikirudi nitaomba hivyo kabla hata sijavaa mapezi. Boti zifungwe kwenye maboya badala ya kutupa nanga juu ya mwamba. Mtu asiyefuata kanuni atolewe majini, awe wa Zurich au wa Zimmerman.

Nusu nyingine sikubali. Mbona hofu ya kuuvunja inaibuka pale tu tunapowazungumzia Wakenya? Wageni wamekuwa wakishuka miaka na mikaka. Na mwamba unaotazamwa na wageni peke yao hauna mtetezi siku ya kupiga kura. Huwezi kumwuliza mgombea wa ugavana atafanya nini kuhusu kitu ambacho wewe na yeye hamjawahi kukiona.

Tena wenye mwamba wakipewa nafasi wanaweza. Pale Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, wanakijiji wenyewe waliamua katikati ya miaka ya 2000 kufunga kama hekta 30 za bahari yao wasivue ndani. Wavuvi wakikubali kuacha kuvua, hiyo si mzaha. Samaki walirudi. Huko Mkwiro, kisiwani Wasini, vijana na kina mama wa kijiji wamefanya kazi na watafiti kupanda vipande vya matumbawe chini ya maji, kama vile sisi bara tunavyopanda miche.

Nawaambia wahusika hivi

Mwalimu wangu alinieleza njia aliyopitia. Alianza kama mbeba mitungi. "Nimeibeba miaka mitatu kabla sijapumua ndani ya mmoja," akasema. Babu yake alikuwa mvuvi, anaijua ile mikondo, bamvua na maji mafu, kama mimi ninavyojua vituo vya matatu za Jogoo Road. Lakini cheti cha kwanza cha kupiga mbizi, kile cha kukuruhusu ufike mita 18, hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi, na cha kumfanya mtu awe mwalimu ni mara nyingi zaidi. Yeye alisaidiwa na mteja mmoja aliyempenda kazi yake. Wenzake wanne alioanza nao hawakupata mteja wa namna hiyo. Wawili wako bodaboda.

Ufundi wa namna hii hauwezi kuachiwa bahati ya kupendwa na mtalii. Vyuo vya ufundi vya pwani vifundishe kupiga mbizi kama vinavyofundisha uchomeleaji na umeme, na bodi ya mikopo ya wanafunzi iutambue. Kazi zipo: kukagua meli bandarini Mombasa na Lamu, kuchomelea chini ya maji, uokoaji, utafiti, kuongoza wageni, kupanda matumbawe. Mimi nilisomea kozi ambayo hata ningeimaliza sijui ingenipa kazi gani.

Wenye boti, nawaomba jambo dogo. Msimu wa kusi wageni wanapopungua, na siku bahari imetulia, wekeni viti viwili vya bei ya mwananchi. Mwanzieni mtoto wa kijiji ambaye boti yenu inaegeshwa mlangoni kwao.

Serikali, mtaala wa sasa unataja kuogelea. Vidimbwi viko wapi? Kimoja cha umma kwa kila kaunti ndogo hakitazidi gharama ya zile lango za kuingilia miji mnazojenga kila mwaka.

Na sisi tusijifiche nyuma ya serikali. Jifunze kuogelea mwaka huu. Shika Sh300 za Jumamosi moja uzipeleke kidimbwini. Kama huwezi kulipia mtungi, miwani ya maji na kifereji cha kupumulia vinatosha kuona mengi, kwa sababu matumbawe mengi yako maji madogo. Nenda kaskazi, Desemba hadi Machi, maji yakiwa safi. Usinunue makombe ufuoni. Usisimame juu ya mwamba. Usimwinulie mwalimu gumba.

Mama, jibu langu ndilo hili. Nililipa Sh13,000 na nikaharibu kitu chenye umri wa mwaka mmoja, na sasa nakidai kwa nafsi yangu. Kitu usichokijua hakikuumi. Kile kipande kinaniuma, kwa hivyo nadhani nimeanza kukijua.

Nimalizie pale nilipoanza. Tulipokuwa tukirudi Shimoni alasiri, yule kijana wa kreti alikuja kuketi karibu nami. Aliomba msamaha tena, nikamwambia yaishe. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza kitu cha aibu:

"Sasa dada, kule chini kukoje?"

Nikadhani ananitania. Ni mzaliwa wa hapo. Yuko kwenye ile boti mwaka wa pili, anateremsha watu majini karibu kila siku na kuwasubiri juu na taulo. Hajawahi kushuka hata mara moja.

Nilimweleza mpaka tukafika gatini: pono, kasa, rangi, kelele. Alikuwa akinisikiliza kama ninavyowasikiliza watu waliotoka ng'ambo. Kisha akafunga kamba, akabeba kreti, akaniambia niende salama. Nyumbani kwao kuko hatua mia tatu kutoka hapo.